Bepari au Myahudi? Kuisoma Mabepari wa Venisi Busia na Tororo

Uhakiki wa Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Julius Nyerere, aghalabu huanzia kwenye jina. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere amewataja mabepari. Neno hilo, ambalo kwa asili yake ya Kihindi ni mfanyabiashara tu, lilikuwa limekwisha kubeba maana ya mnyonyaji, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa wingi huo Antonio na wenzake, wenye merikebu na watumwa, wanatiwa hatiani pamoja na Shylock. Ni uamuzi wa busara, nami siupingi.

Tatizo liko darasani. Wanafunzi niliosoma nao tamthilia hii Busia, Wakenya kwa Waganda, waliurudisha wingi ule kuwa umoja: bepari ni Shylock, na ni bepari kwa kuwa ni Myahudi. Usomaji wa kitabaka haukuuondoa ubaguzi. Uliupa jina la heshima. Sisi walimu tumechangia, kwa kuuliza kila mara kuhusu ukatili wa Shylock na kuyapita matusi anayotupiwa.

Hadhira ya kwanza ya Shakespeare iliishi katika nchi iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1290. Msomaji wa Tororo hana udhuru huo. Mbale iko chini ya kilomita 50 kutoka hapo, na vilima vinavyouzunguka mji huo ni makazi ya Abayudaya, jamii iliyoshika dini ya Kiyahudi tangu 1919 kwa kumfuata Semei Kakungulu. Chini ya Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi wakaiacha dini.

Kwa hiyo onyesho la mahakama halifai kufundishwa kama ushindi wa werevu wa Portia pekee. Antonio anadai Shylock awe Mkristo, na tamthilia inasonga mbele kwa furaha kana kwamba hakuna kilichovunjwa. Mwaka 1943, katika ukumbi wa Burgtheater mjini Vienna, Werner Krauss alimwigiza Shylock kama kiumbe cha kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji huo walikuwa wamekwisha kusombwa kwenda kuuawa. Tamthilia ilikuwa ile ile tunayowapa watoto wetu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama Shylock angeshinda na kumlazimisha Antonio kuwa Myahudi, je, bado tungeiita tamthilia hii ya kuchekesha? Swali hilo sijalikuta katika mwongozo wowote.