Jibu na Nyongeza Yake

Gawanya 17 kwa 5 katika Common Lisp ukitumia funksheni ya `floor`, utapata majibu mawili kwa mpigo: 3, na baki la 2. Asiyetaka baki hana la kufanya. Akiandika

`(+ 1 (floor 17 5))`

atapata 4, ile 2 inatupwa kimya kimya. Anayeihitaji hutumia `multiple-value-bind`, akaipa kila thamani jina lake. Haskell nayo ina `divMod`, lakini hiyo hurudisha jozi, na jozi ni kitu kimoja: kila mwitaji sharti aifungue, hata kama nusu yake haimhusu.

Uzuri wa njia ya Lisp unaonekana zaidi kwenye `gethash`, inayotafuta ufunguo katika jedwali. Tuseme ni jedwali la madeni ya wateja. Mteja asipokuwamo, jibu ni nil. Lakini mteja aliyemo asiye na deni naye huenda ameandikiwa nil, na hao ni watu wawili tofauti kabisa. Thamani ya pili ndiyo inayowatenganisha: ni kweli ikiwa ufunguo umo, nil ikiwa haumo.

Tatizo huanza mtu anapoizungushia `or`, ili jedwali la kwanza likikosa jibu liulizwe la pili. Kwa kanuni za lugha, ni kipengele cha mwisho tu ndani ya `or` kinachopitisha thamani zake zote. Vilivyotangulia hupitisha ya kwanza peke yake. Kwa hiyo deni likipatikana kwenye jedwali la kwanza, thamani ya pili inakatwa njiani, na `multiple-value-bind` huijaza nafasi hiyo kwa nil. Mwitaji anashika kiasi cha deni mkononi huku akiambiwa mteja hayumo! Hakuna kosa linaloripotiwa, na kwa macho msimbo unaonekana safi.

Rich Hickey, aliyeitoa Clojure mwaka 2007, aliipa nyongeza makao mengine: ndani ya kitu chenyewe. `with-meta` hurudisha nakala ya orodha au vekta iliyobeba metadata, kama gunia lililoshonewa lebo, na ile ya awali haiguswi. Metadata haihesabiki katika usawa, hivyo vekta mbili zenye yaliyomo sawa ni sawa hata lebo zikitofautiana. Maandishi na namba haziwezi kuibeba, na hilo tu linatosha kuiondoa kwenye kazi kama ya `floor`.

Kwa habari za asili ya kitu, njia hii ni nzuri mno. Clojure yenyewe, inaposoma faili la msimbo, huziandikia orodha namba za mistari zilikotoka, ili kosa likitokea lijulikane lilipo. Habari hiyo ikipotea, programu haikosei hesabu.

Lakini wapo wanaoweka humo mambo ambayo programu inayategemea kuamua, na hapo mimi siafiki. Chukua alama ya kwamba orodha ya wateja imeshahakikiwa. `conj` ikiongeza mteja mpya ambaye hajahakikiwa, alama inabaki palepale. Orodha ikipitishwa kwenye `map`, inayotoka haina alama. Na majaribio yote yanayolinganisha kwa `=` yatapita.