Ramani ya visima 59,400, halafu Chiola haimo

Ukitaka kuwafurahisha watu kwenye semina siku hizi, waonyeshe ramani yenye nukta za rangi. Kijani, njano, nyekundu, basi ukumbi mzima unatikisa kichwa. Mimi pia hutikisa. Mwaka jana nilikaa kwenye semina moja (sitaitaja, maana hata mimi nilikuwa kati ya walioipitisha mada hiyo) tukaonyeshwa ramani ya mtandaoni ya vituo vya maji vijijini Tanzania. Ilipendeza kweli. Nukta zilianzia Kagera zikashuka hadi Mtwara. Nikanyoosha mkono, nikaomba tusogee Nachingwea, kata ya Chiola, upande wa kuelekea Ruangwa, kwa sababu huko nimeshawahi kuzunguka kwa miguu nikihesabu pampu za mkono. Mtoa mada akakuza. Akakuza tena. Peupe.

"Labda huko hakuna data," akasema.

Sasa msomaji wangu, hiyo "labda" ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kata kutokuwa na kisima ni jambo moja, na kata kudondoka njiani wakati faili linapakiwa ni jambo lingine kabisa. Kwenye ramani yote mawili yanaonekana sawasawa: peupe.

Tuanze na faili lenyewe. Kati ya 2011 na 2013 hivi, Wizara ya Maji ilifanya kazi kubwa ya kupita vijijini na kuandika kila kituo cha maji: kiko wapi, nani alifadhili, nani alijenga, pampu ya aina gani, kinafanya kazi au hakifanyi. Sehemu ya kazi hiyo baadaye iliwekwa wazi kwenye shindano la sayansi ya data linaloitwa Pump it Up, kupitia Taarifa na DrivenData. Jedwali ambalo wanafunzi wengi tunalipakua lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja. Vituo 32,259 vimeandikwa kuwa vinafanya kazi, 4,317 vinafanya kazi ila vinahitaji matengenezo, na 22,824 havifanyi kazi. Kwa lugha ya mtaani: ukichukua vituo vitano, karibu viwili vimekufa. Ni data ya thamani sana, na naomba usinielewe vibaya, sipigi vita waliokusanya. Kutembea na GPS vijijini si mchezo.

Tatizo linaanza tukishalipakua. Wengi wetu tunakimbilia Google My Maps, kwa sababu ni ya bure, haihitaji kusakinishwa, na ukimaliza unamtumia mtu kiungo kwa WhatsApp anaiona kwenye simu. Lakini My Maps haipokei zaidi ya mistari 2,000 kwa faili moja, na ramani nzima haiwezi kubeba zaidi ya vitu 10,000. Yaani hata ukilikata jedwali letu vipande 30, ramani itajaa kabla hujafika kipande cha sita. Kwa hiyo watu wanafanyaje? Wanachukua mistari 2,000 ya mwanzo, wanasema "ni mfano tu," kisha kichwa cha ramani kinabaki vilevile: Vituo vya Maji Tanzania.

Hapa pana mtego ambao kwa kweli ulinichukua muda kuuona. Kama faili lingepangwa kwa alfabeti ya mikoa, mistari 2,000 ya mwanzo yote ingekuwa ya Arusha, maana Arusha peke yake ina 3,350. Ungeona nukta zote zimerundikana kaskazini, ungeshtuka, ungerudi kurekebisha. Lakini faili hili mistari yake imechanganywa ovyo. Ukikata 2,000 za juu unapata nchi nzima, ila imekonda. Mkoa wa Lindi una mistari 1,546 kwenye faili, kwa hiyo katika hizo 2,000 unategemea kupata kama 52 hivi. Gawa kwa halmashauri sita za mkoa ule, unabaki na nane au tisa kwa kila moja. Nachingwea ina kata zaidi ya 30. Haya, niambie Chiola ina bahati gani hapo! Ramani inaonekana imekamilika huku kata nyingi za kusini zimefutwa, na hakuna anayeshtuka. Bora kosa linalopiga kelele.

Kabla hujasema haya ni mambo ya wanafunzi wasio na uzoefu, kumbuka Uingereza, Oktoba 2020. Karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, ule wa xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, ila waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Nchi tajiri, wataalamu wapo, na bado jedwali lilimeza watu kimyakimya.

Turudi kwetu. Tuseme umekuwa mwerevu, umeamua kuchuja mkoa wa Lindi tu. Hesabu inakubali: 1,546 ni chini ya 2,000, inaingia yote kwa mkupuo mmoja. Nzuri sana. Lakini umechuja kwa safu ipi? Faili lina safu ya jina la mkoa na safu nyingine ya namba ya mkoa. Sisi tuliofundishwa kwamba namba ni safi kuliko majina tunachagua namba. Lindi ni 8, unachuja 8, unapata mistari 300. Kumbe mistari mingine 1,238 ya Lindi imeandikwa 80, na minane imeandikwa 18, namba ambayo humohumo ni ya Kagera. Mtwara nayo ina kasheshe hiyohiyo. Kwa hiyo anayefuata "kanuni bora" anapoteza vituo vinne kati ya kila vitano vya Lindi, na anayechuja kwa jina kama mtu wa kawaida anavipata vyote. Darasani tunafundishwa kinyume, na sidhani kama nimeshamsamehe mwalimu wangu.

Halafu kuna viwianishi. Mji wa Nachingwea uko kwenye latitudo -10.38 na longitudo 38.76, kwa makadirio. Programu inapokuuliza safu ipi ni latitudo na ipi ni longitudo, ukizigeuza, Nachingwea inahamia baharini, kwenye Atlantiki, magharibi ya Lisbon. Ukidondosha ile alama ya kutoa, na Excel iliyopangwa vibaya huidondosha kirahisi tu, Nachingwea inakuwa Ethiopia, kaskazini ya Addis Ababa. Hayo ni makosa mazuri, unacheka, unarekebisha. Mabaya ni madogo. Ramani zetu za zamani za karatasi zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, wakati GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Ukichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinasogea kama mita 300. Haionekani ukiangalia nchi nzima. Ila ukiwa kijijini, mita 300 zinakihamisha kisima kutoka kitongoji kimoja hadi kingine, na hapo ndipo ugomvi wa nani anachangia matengenezo unapoanzia.

Na kuna sifuri. Mistari 1,812 ya faili hili ina longitudo 0, na latitudo ambayo ni kama sifuri tu. Ni vituo vya Shinyanga na Mwanza, ila ukivipakia vinakwenda Ghuba ya Guinea, vyote nukta moja, juu ya maji ambayo hakuna mtu anayachota. Mwaka wa ujenzi nao ni 0 katika mistari 20,709. Programu haijui kwamba sifuri hapo maana yake "hatukuandika". Mwambie akupigie wastani wa umri wa visima, atakupa visima vilivyochimbwa enzi za Yesu.

Kinachonigusa zaidi kwa upande wa kusini ni majina. Mtu yeyote aliyekulia Lindi au Mtwara anajua habari ya Wafini: mradi wao wa maji vijijini ulianza miaka ya 1970, na pampu za NIRA, ambazo asili yake ni Finland, ziko huko mpaka leo, pamoja na ndugu yake wa hapa nyumbani, TANIRA. Kwenye jedwali, Wafini hao wameandikwa Fini Water, Finn Water, FinW, na namna nyingine. Ukiiambia My Maps ipake rangi kwa mjenzi, kila tahajia inachukuliwa kuwa mtu tofauti, makundi yanazidi uwezo wake, na yaliyobaki yanatupwa kwenye rangi moja ya "mengineyo". Historia ya miaka 20 ya maji ya kusini inapasuliwa vipande kwa sababu ya herufi kubwa na nafasi kati ya maneno. Kusafisha hilo ni kazi ya saa mbili kwenye OpenRefine, na ni saa mbili ambazo sijawahi kuona mtu akiziandika kwenye ripoti yake.

Je, kuna programu bora? Zipo. kepler.gl hubeba mistari yote 59,400 ndani ya kivinjari bila kulalamika sana, ingawa kompyuta yangu ya gigabaiti nne ilianza kupumua kama pikipiki inayopanda mlima. uMap ni nzuri kwa kazi ya kata moja au wilaya, na ramani yake ya chini ni OpenStreetMap, ambayo unaweza kuirekebisha mwenyewe pale barabara inapokosekana. QGIS si ya mtandaoni, lakini kama utapitisha faili huko kwanza, ukaona nukta zilizoangukia baharini, ukabadilisha mfumo wa vipimo, ukachuja kata unayoitaka, basi hata My Maps itakutosha. Kosa letu ni kuichukua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanga safari na kuibebesha takwimu za taifa, kisha kuficha ilipokatikia. Mstari mmoja chini ya ramani unatosha: nukta 2,000 kati ya 59,400. Mtoa mada wetu hakuuweka, nasi hatukumwuliza.

Mstari wa pili ambao ningetaka kuuona ni tarehe. Kijani ya ramani ile ni kijani ya siku ambayo mkusanyaji alipita, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na alipita mwezi gani? Kusini mvua zinakoma kama Aprili au Mei; kisima kilichoandikwa "kinafanya kazi" mwezi Machi si lazima uwe na cha kuchota Oktoba. Tangu wakati huo hata mikoa imebadilika: faili lina mikoa 21, Tanzania Bara sasa ina 26, na RUWASA, wanaosimamia maji vijijini leo, ilianzishwa 2019. Ukijaribu kuunganisha jedwali la zamani na mipaka mipya ya kata kwa majina, jiandae kukosa usingizi.

Nilipokuwa Chiola nilibeba ramani hiyo ya Lindi, iliyochujwa kwa jina, imechapwa kwenye karatasi ya A3. Mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu, akaitandika karatasi kwenye benchi, akaiangalia muda mrefu. Akaweka kidole kwenye nukta ya kijani. "Hiki mwanangu kilishakufa. Fimbo ya pampu ilikatika, hatukupata nyingine." Akaomba kalamu, akakikata. Kisha akachora alama pembeni, mahali ambapo karatasi yangu haikuwa na kitu, akasema hapo kuna kingine, kinatoa maji, na ndiko wanakochota. Akaniuliza hivyo viwili nitaviweka lini kwenye kompyuta.

Nikamwambia Jumatatu. Viliingia Alhamisi.