Kicheko Chenye Kazi Nzito

Mwaka 1996 wimbo wa kuchekesha uitwao "Amish Paradise" ulichukua mdundo wa rapu ya mitaani Marekani na kuuhamishia mashambani kwa Waamishi, jamii ya Kikristo inayoepuka teknolojia nyingi za kisasa.

Si kazi nyepesi. Mtunzi wa tashtiti hupima silabi mpya zikae penye za zamani, vina vikubaliane, na kila kichekesho kisimame juu ya jambo la kweli: maziwa yanayosukwasukwa hadi yatoe siagi, ghala linalojengwa kwa mikono ya majirani, nyumba isiyo na simu wala umeme. Tena anawatania watu ambao wengi wao hawana redio ya kumsikia, hivyo hana budi kuwa mwangalifu maradufu.

Msikilizaji asiyewahi kufika Lancaster, Pennsylvania, wanakoishi Waamishi wengi, alicheka, akawafahamu kidogo watu wale. Mwalimu wake alikuwa mchekeshaji.