Mpiga Picha na Fremu Yake

Fundi mzuri wa picha anazijua kona za fremu yake kabla hajainua kamera. Akiingia chumba cha bibi harusi, chenye dirisha moja, mashangazi watano na vikuba vya asumini juu ya kitanda, habahatishi pa kusimama. Anakwenda moja kwa moja hadi ubavuni mwa kabati, kwa sababu anajua kwamba kutoka hapo lenzi yake itachukua kuanzia mtandio hadi viganja vilivyopakwa hina, na kabati lenyewe halitaingia. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, na nitausifu kupitia ubishi ambao wapiga picha wa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko hawauchoki: fulufremu au kropu?

Vipimo kwanza. Kihisi cha fulufremu, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kina milimita 36 kwa 24. Cha kropu katika kamera za Nikon, Sony na Fujifilm kina takriban 23.5 kwa 15.6, na cha Canon kinapungua kidogo hapo. Kwa eneo, kile kikubwa ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kile kidogo. Wengi huizungumzia 36 kwa 24 kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilhali ilitoka mikononi mwa mtu mmoja. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa akisumbuliwa na pumu, na kupanda milima na kamera nzito ya bamba za kioo kulimshinda. Akachukua filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, akailaza ipite kwa ubavu badala ya kushuka wima, na nafasi ya picha mbili za sinema akaifanya ya picha moja. Kamera ya majaribio ilikuwepo karibu mwaka 1914. Leica ya kwanza ikaingia sokoni mwaka 1925. Watu wa studio, waliozoea bamba za kioo na filamu pana, waliiona ndogo mno kwa kazi ya maana. Yaani kipimo kinachotukuzwa leo kwa ukubwa wake kilianza kikidharauliwa kwa udogo. Kilichokiokoa ni kwamba kamera yake iliingia mfukoni, na mpiga picha akaweza kuzifuata shughuli za watu bila kuwasimamisha.

Kropu nayo ilizaliwa na bei. Vihisi hutengenezwa vingi kwa pamoja juu ya sahani ya silikoni, kisha hukatwa. Kihisi kikiwa kikubwa, sahani moja hutoa vichache, na dosari ndogo popote pale huharibu kipande kikubwa cha mali. Ndiyo maana Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7, ilitumia kihisi kidogo, na Canon D30 ya mwaka uliofuata vilevile. Canon 1Ds iliporudisha 36 kwa 24 mwaka 2002, bei yake ilikuwa karibu dola 8,000. Mpiga picha wa harusi wa kawaida aliisikia tu kwa jina. Ni 5D ya mwaka 2005 iliyoanza kuisogeza fulufremu kwa watu wanaoishi kwa kazi hii.

Sasa tuwasimamishe wapiga picha wawili bega kwa bega ndani ya kile chumba. Mmoja ana fulufremu na lenzi ya milimita 50, mwenzake ana kropu na lenzi ya 35. Wanaona eneo karibu lilelile, kwa kuwa kropu huubana uwanja wa lenzi kwa mara 1.5, na 35 mara 1.5 ni 52.5. Wa kwanza amefungua f/2. Gawanya 50 kwa 2: tundu la lenzi yake lina kipenyo cha milimita 25. Wa pili akifungua naye f/2, tundu lake ni 17.5, na mwanga unaopita hapo ni nusu ya ule wa mwenzake. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza: kwake pazia la nyuma linaonekana wazi zaidi, na kwenye mikunjo ya buibui jeusi chenga zinatangulia kutokea. Lakini akifungua f/1.4, tundu linafika 25. Mwanga unakuwa uleule na pazia linafifia vilevile. Kama vihisi ni vya kizazi kimoja, zichapishe picha hizo mbili kwa ukubwa mmoja uziweke mezani. Sioni nani atazitofautisha kwa macho.

Jambo hili huwa nalirudia kwa yeyote anayetaka kunisikiliza. Sehemu kubwa ya uzuri tunaoupa jina la fulufremu ni uzuri wa tundu pana na wa umbali uliochaguliwa na mtu anayejua anachokifanya.

Fulufremu ina haki zake, na haki kubwa kuliko zote utaiona saa sita mchana. Bwana harusi mweusi, kanzu nyeupe, jua la Pwani. Kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi kabla weupe haujaungua, hivyo unaweza kuilinda kanzu kisha ukaunyanyua uso baadaye bila kuujaza chenga. Hiyo ni faida ya kweli, takriban hatua moja ya mwanga, yaani mwanga maradufu. Ila mtazame fundi aliyekomaa katika uchochoro wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Anamgeuza bwana harusi jua limpige mgongoni, anamsogeza hatua mbili hadi aelekeane na ukuta uliopakwa chokaa, na ukuta unaurudisha mwanga usoni. Kanzu haiungui, macho yanang'aa, weusi wa ngozi unabaki weusi wenye uhai na haugeuki kijivu. Ukuta ule umempa hatua zaidi ya moja, na kamera aliyoshika inaweza kuwa ya kropu iliyonunuliwa mtumba.

Kropu ina haki zake pia. Anayewapiga heroe wa Ziwa Nakuru kwa lenzi ya milimita 400 anaona kama aliye na 600, na bega lake linabeba mzigo wa 400.

Huko mbele, naona fulufremu ikizidi kuwa kitu cha kawaida. Tangu Sony ilipotoa A7 mwaka 2013, na Canon na Nikon zilipofuata mwaka 2018 kwa kamera zao za fulufremu zisizo na kioo, huko ndiko akili na fedha za viwanda zilikokwenda. Picha ndogondogo za kila siku zimekwisha kuchukuliwa na simu, ambayo hupiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha ili kufidia udogo wa kihisi chake. Fujifilm ilichukua njia ambayo naiheshimu sana: iliiruka fulufremu, ikaing'ang'ania kropu kwa moyo wote, na tangu mwaka 2017 ikauza pia GFX, yenye kihisi cha 43.8 kwa 32.9.

Ninachohofia ni kropu kunyimwa lenzi. Kampuni inapoifanya kropu kuwa ngazi tu ya kumpandisha mteja kwenye bei kubwa, huitengenezea zumu hafifu zenye tundu dogo, kisha picha zikiwa bapa kihisi ndicho kinacholaumiwa. Kwa hiyo nilifurahi sana mwaka 2024 Sigma ilipotangaza lenzi za kropu kwa mdomo wa RF wa Canon, zikiwemo za f/1.4. Vijana wengi wanaofungua studio zao huku kwetu wanaanza na Canon ya kropu. Lenzi moja ya namna hiyo, ikipatikana Kariakoo kwa bei inayolipika kwa kazi za msimu mmoja wa harusi, itawafaa kuliko kubadili kamera.