Ngano Isiyohitaji Maneno? Uhakiki wa Onyesho la Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba na Funzo Lake kwa Kiswahili Nchini Sudani Kusini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki onyesho la Cymbeline, tamthiliya ya Shakespeare, lililofanywa kwa Kiarabu cha Juba na kundi la South Sudan Theatre Company katika ukumbi wa Globe, London, tarehe 2 na 3 Mei 2012. Tunadai kwamba onyesho hilo lilikuwa na hadhira mbili: moja ililitazama kama baleti, nyingine ililisikia kama mazungumzo. Tofauti hiyo ni kipimo kinachofaa kupimia nafasi ya Kiswahili nchini Sudani Kusini leo.

1. Utangulizi

Waandaaji wa baleti wamezipenda ngano kwa sababu iliyo wazi. Baleti ya Tchaikovsky kuhusu binti mfalme aliyelala miaka mia, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1890, haimtaki mtazamaji ajue Kirusi wala Kifaransa. Hila, usingizi na kuamka husomeka katika miili ya wachezaji. Swali linalotukabili wana-lugha ni hili: ikiwa ngano inaeleweka bila maneno, lugha inaiongezea nini? Cymbeline ya Juba inaturuhusu kulijibu kwa mfano halisi.

2. Ngano ndani ya tamthiliya

Cymbeline iliandikwa yapata mwaka 1610, lakini kiini chake kingetambuliwa na bibi yeyote msimuliaji wa Afrika Mashariki. Mama wa kambo anamchukia binti wa mfalme na kutafuta sumu. Tabibu, akimshuku malkia, anampa dawa ya usingizi badala yake. Binti anakimbilia porini akiwa amevaa mavazi ya kiume, anapokewa pangoni na vijana wawili asiojua kuwa ni kaka zake, anameza dawa, na wanamlilia kama maiti. Ndugu Grimm walichapisha ngano inayokaribiana sana na hii mwaka 1812, karne mbili baadaye.

Juu ya kiini hicho Shakespeare ameweka suala la dola: Roma inaidai Uingereza kodi, nayo Uingereza inakataa. Mwaka 2012 suala hili halikuwa la kale kwa watu wa Juba. Taifa lao lilikuwa halijatimiza mwaka mmoja tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Januari 2012 lilisimamisha uzalishaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Khartoum kuhusu ada za kuyasafirisha, na Aprili majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Panthou, panapoitwa pia Heglig. Ni rahisi, basi, kulisoma onyesho kama wimbo wa uhuru.

Usomaji huo hautoshi. Katika tamthiliya, wanaohimiza kwa ukali zaidi kodi isilipwe ni malkia mwovu na mwanawe Cloten. Uzalendo mkali umetiwa katika vinywa vya wahalifu. Aidha, baada ya ushindi vitani, mfalme anakubali kuilipa kodi ileile ili amani idumu. Septemba 2012 serikali za Juba na Khartoum zilitia saini makubaliano mjini Addis Ababa, yakiwamo ya ada za mafuta. Tamthiliya haikutabiri jambo hilo, lakini ilikuwa imekwisha kuliuliza swali lake: je, aliyeshinda anaweza kulipa bila kujiona ameshindwa? Uzito wa matini uko hapa, na hapa ndipo maneno yanapohitajika. Mwili waweza kuonyesha usingizi na kuamka. Hauwezi kueleza kwa nini mshindi alipe.

3. Hadhira mbili

Onyesho lilikuwa sehemu ya tamasha la Globe to Globe, lililoleta tamthiliya 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Kenya ilishiriki kwa Kiswahili kupitia tamthiliya ya The Merry Wives of Windsor. Kwa utaratibu wa tamasha, tafsiri ya Kiingereza ya kila mstari haikuonyeshwa. Watazamaji walipewa muhtasari wa kila tukio tu. Utaratibu huo uliwaheshimu waigizaji, kwani macho hayakutekwa na maandishi. Hata hivyo uliwagawa wasikilizaji. Kwa asiyejua Kiarabu cha Juba, lugha iligeuka kuwa sauti: alifuata ishara, maleba na ngoma, yaani alitazama baleti. Kwa anayekijua, mfalme wa Uingereza ya kale alizungumza lugha ya sokoni Konyo Konyo.

Tamasha lilikuwa na kasoro ya pili. Kuipa kila nchi lugha moja kuliificha hali ya Sudani Kusini, yenye lugha za jamii zaidi ya 60. Utetezi wa uteuzi uliofanyika ni kwamba Kiarabu cha Juba si mali ya kabila moja. Waigizaji wa jamii mbalimbali waliweza kukitumia pasi na yeyote kuwa mgeni jukwaani.

4. Lugha isiyo na cheti

Joseph Abuk, aliyeitafsiri tamthiliya na kuiongoza pamoja na Derik Uya Alfred, hakuwa na kamusi sanifu wala mapokeo mapana ya maandishi ya kuegemea. Kiarabu cha Juba ni krioli iliyotokana na kambi za kijeshi na za biashara za karne ya 19, na ni ndugu wa Kinubi cha Kibera na Bombo. Sarufi yake ni nyepesi kwa umbo: ana ruwa ni “nilikwenda”, ana gi ruwa “ninakwenda”, ana bi ruwa “nitakwenda”. Wepesi huo haukuizuia lugha kubeba wivu, hila na msamaha.

Kazi hii yafaa kulinganishwa na ya Julius Nyerere, aliyetafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nyerere alikithibitisha Kiswahili kwa kitabu. Abuk alikithibitisha Kiarabu cha Juba kwa mdomo. Nyerere, hata hivyo, alikuwa na dola nyuma ya lugha yake. Katiba ya Mpito ya Sudani Kusini ya mwaka 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa na kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya kazi. Kiarabu cha Juba hakikutajwa.

5. Funzo kwa Kiswahili

Sudani Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 Jumuiya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Cheti, basi, kipo. Hatari ni kwamba Kiswahili kitakuwa baleti ya kisera: kitaonyeshwa kila tarehe 7 Julai kwa mashairi na mavazi, kitapigiwa makofi, kisha watu warudi kwenye lugha zao za kazi. Katika Hai Mauna, hapa Juba, Kiswahili huja na wafanyabiashara na waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Sera inayoanzia ofisini itawapita watu hawa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ngano zitafsiriwe kati ya Kiarabu cha Juba na Kiswahili, na ziigizwe katika Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron na shuleni kabla ya vitabu vizito. Pili, vifaa vya kufundishia vianzie kwenye msamiati wa pamoja wenye asili ya Kiarabu, pamoja na mitego yake: sultan wa Juba ni chifu, na hai ya Hai Mauna ni mtaa, ilhali kwa Mswahili hai ni kinyume cha mfu. Tatu, Kiswahili kisitangazwe kuwa mrithi wa Kiarabu cha Juba. Jirani anayekuja kumfukuza mwenyeji hakaribishwi.

6. Hitimisho

Ngano inaweza kueleweka bila maneno, lakini haiwezi kujadiliwa bila maneno. Waliotazama tu waliliona onyesho likiisha kwa amani. Waliosikia walipata pia sababu za amani hiyo na gharama yake. Kipimo cha mafanikio ya Kiswahili mjini Juba kiwe hichohicho: idadi ya watu wanaoweza kubishana kwacho, wala si idadi ya sherehe zake.