Kabla ya Kuvusha Sarafu, Jaribu Njia ya Kurudi

Ushauri wa kutuma kidogo kwanza ndio unaotolewa na kila mtu anayezungumzia kuhamisha sarafu za kidijitali, na mwishoni mwa Mei 2022 ulifuatwa barabara. Taasisi ya Optimism, inayosimamia mtandao wenye jina hilohilo wa tabaka la pili, yaani uliojengwa juu ya mtandao wa Ethereum, ilikuwa inaikabidhi kampuni ya Wintermute tokeni milioni 20 za OP. Ilituma kiasi cha majaribio mara mbili, Wintermute ikathibitisha kwamba kimeonekana, kisha mzigo wote ukaenda. Baadaye ndipo ilipogundulika kwamba anwani iliyotolewa ilikuwa ya pochi ya pamoja, ile inayohitaji saini za watu kadhaa, na pochi hiyo ilikuwa imejengwa Ethereum tu. Upande wa Optimism anwani ilikuwepo kama namba, lakini nyuma yake hapakuwa na pochi wala mwenyewe. Mjanja mmoja akawahi. Alirudia kwenye Optimism miamala ya zamani iliyokuwa imetengeneza kiwanda cha pochi hizo, akazalisha pochi moja baada ya nyingine mpaka anwani ile ikaangukia mikononi mwake. Alirudisha tokeni milioni 17 kwa hiari yake, na hiyo ilikuwa bahati tu.

Majaribio yale mawili yalipima jambo moja: kama tokeni zinafika. Hayakupima kama aliyezipokea anaweza kuzitoa. Hoja yangu inaanzia hapo. Usalama wa kuhamia tabaka la pili unajulikana kwenye njia ya kutokea, na jaribio lolote linaloishia kwenye salio kuonekana kwenye skrini ni nusu ya jaribio. Mwenye pochi ya kawaida ya ufunguo mmoja hawezi kukutwa na balaa la Wintermute, kwa kuwa ufunguo wake unafungua anwani ileile pande zote mbili. Lakini anayetuma kwenda akaunti yake kwenye soko la kubadilishia sarafu, soko ambalo halipokei kutoka mtandao aliouchagua, yuko karibu sana na balaa hilo, na wa namna hiyo ni wengi.

Kinachovusha tokeni kati ya mitandao huitwa daraja, nalo linafanya kazi hivi: tokeni zako zinafungiwa kwenye mkataba wa kidijitali upande wa Ethereum, na upande wa pili unapewa tokeni za mfano wake. Ulichonacho mkononi ni stakabadhi, na thamani yake yote iko kwenye kile kilichofungiwa. Machi 23, 2022, daraja la Ronin, mtandao wa mchezo wa Axie Infinity, liliporwa etha (sarafu ya Ethereum) 173,600 na dola za kidijitali za USDC milioni 25.5. Walinzi wa daraja walikuwa tisa, saini tano zilitosha kufungua, na mwizi alizipata tano. Siku sita zilipita watu wakiendelea kushika stakabadhi zisizo na kitu nyuma yake. Wizi ulijulikana Machi 29, mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa etha 5,000. Nani aliligundua tatizo? Aliyekuwa anatoka. Waliokuwa wanaingia hawakuona kasoro yoyote.

Mfano wa kuhama kwema uko karibu nasi zaidi. Mtandao wa Celo, ambao shirika la Grassroots Economics la Kenya linautumia kwa vocha za jamii, ulizaliwa mwaka 2020 kama mtandao unaojitegemea, na Machi 26, 2025 ukageuka kuwa tabaka la pili la Ethereum. Haukumwambia mtumiaji avushe chochote. Mtandao ulisimamishwa kwenye bloku namba 31,056,500, waendeshaji wa mitambo wakaibadilisha leja nzima kwa programu maalumu, kisha kazi ikaendelea kwa mfumo mpya huku anwani na salio vikiwa vilevile. Kabla ya hapo zoezi lilikuwa limefanywa kwenye mitandao ya majaribio miwili: Alfajores Septemba 2024 na Baklava Februari 2025. Watu wa Kigoma hawatashangazwa na utaratibu huo. Meli tunayoiita Liemba iliungwa kwa muda kiwandani Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000 hivi, ikasafirishwa kwa bahari na reli, na kuundwa upya ufukweni hapa. Kilichopimwa Celo hakikuwa kufika kwa data peke yake. Kilikuwa ni kama mwenye ufunguo wa jana ataweza kutumia pesa yake kesho.

Kuna watakaosema kwamba kutoka kunachukua muda mno. Ni kweli: kwa daraja rasmi la Optimism, Arbitrum au Base, kurudi Ethereum kunachukua takribani siku saba, na nani ana subira hiyo kwa ajili ya jaribio? Siku hizo zimewekwa ili yeyote apate nafasi ya kupinga hesabu ya uongo kabla pesa haijaachiliwa. Zipo njia za haraka, ambapo mtu wa kati anakulipa leo kwa ada na kungoja yeye, ila ukipita huko umeongeza mtu mwingine wa kumwamini. Kwa kiasi kidogo sioni ubaya wake. Kwa akiba ya mwaka mzima, siku saba si nyingi. Wengine watasema daraja halina haja, kwa kuwa soko la kubadilishia hutoa tokeni moja kwa moja kwenye tabaka la pili. Sawa, na kwa wengi hiyo ndiyo njia bora, tangu ada ziliposhuka sana baada ya mabadiliko ya Ethereum ya Machi 2024. Lakini njia ya kurudi bado inabaki kuwa swali.

Kwa mfanyabiashara wa Katubuka, hapa Kigoma, anayetaka kulipwa na mteja wa Kalemie au Bujumbura, swali hilo haliishii Ethereum. Linaishia kwenye shilingi. Tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae na mabadiliko hayo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Anayebadilisha tokeni kwa mtu aliyempata kwenye simu, kisha asitumiwe pesa, hana dirisha la kulalamikia kama alilonalo mteja wa benki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiasi chako cha majaribio kisiishie kwenye pochi. Kirudishe mpaka kiwe shilingi kwenye laini yako, ukate ada na kodi, uone kilichobaki, na kama hakikurudi, usiongeze hata senti.