Azimio la Arusha kama Kielelezo cha Hoja

Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU tarehe 5 Februari 1967, limesomwa zaidi kama tamko la siasa kuliko kama nathari ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika insha juu ya maendeleo hulinukuu kama aya ya msahafu: huokota kauli, akaiweka mwishoni, akadhani amethibitisha. Ilhali faida ya Azimio kwa mwenye kujifunza kuandika imo katika namna linavyojenga hoja.

Sehemu ya kujitegemea yatosha kuwa mfano. Dai latolewa mapema, kwamba fedha si silaha ya nchi maskini. Mwandishi haliachi hapo. Aieleza kikamilifu imani anayoipinga, auliza fedha hizo zitatoka wapi, kisha apima kodi, misaada, mikopo na mitaji ya wageni, kimoja baada ya kingine. Ndipo ataja masharti yake manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Hata hivyo, kielelezo hiki kina upungufu. Kwamba mkulima ndiye hasa alipaye mikopo inayojenga miji, jambo hilo laelezwa kwa mantiki, halipimwi kwa takwimu. Hapo ndipo utafiti wa mwanafunzi upaswapo kuanzia.

Tena yafaa apewe hati inayopingana nalo. Serikali ya Kenya, katika Waraka Na. 10 wa 1965 ulioandikwa kwa Kiingereza, ilishauri kuwa fedha za maendeleo zipelekwe kwenye maeneo yatakayoongeza mazao zaidi, yenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Hati zote mbili zaanzia kwenye uhaba wa mtaji, lakini zafikia maamuzi tofauti. Mbele yake nukuu peke yake haifai kitu. Hapana budi kutafuta ushahidi.

Nyerere mwenyewe alifanya hivyo mwaka 1977, alipolipima Azimio baada ya miaka 10 na kukiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Kozi ya uandishi inayofundisha Azimio bila tathmini hiyo yamwachia mwanafunzi kaulimbiu tu, na yaipa nguvu dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya kuhimiza watu, si ya kuchunguza mambo.